Bei isiyotikisika si lazima iwe bei salama

WAFANYABIASHARA wa Mkoa wa Mara wanaoanza kuweka akiba yao katika hisa wana swali moja ambalo jedwali la bei halilijibu moja kwa moja. Swali lenyewe ni hili: kati ya hisa hizi na zile, zipi ni salama zaidi kwa mtu mwenye fedha kidogo? Wengi hujijibu wenyewe kwa kutazama safu ya bei. Hisa ambayo bei yake inapanda na kushuka kila siku wanaiogopa. Ile ambayo bei yake imesimama palepale wiki baada ya wiki wanaiona kama fedha iliyofungiwa sandukuni.

Jibu hilo linaweza kumpotezea mtu fedha. Makala ya leo inaeleza kwa nini, na inaonyesha hesabu chache ambazo mwekezaji mdogo wa Musoma, Bunda au Butiama anaweza kuzifanya mwenyewe kabla ya kumpigia simu dalali. Wataalamu huziita takwimu za maelezo, kwa kuwa kazi yake ni kueleza yale yaliyokwisha kutokea sokoni. Hazitabiri ya kesho. Aliyemaliza darasa la saba anaziweza, na vifaa vinavyotakiwa ni daftari, kalamu na kikokotoo cha simu.

Kinachosomwa na kisichosomwa

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara tarehe 15 Aprili 1998, na kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa TOL, watengenezaji wa gesi za viwandani. Kampuni ya Bia Tanzania, TBL, ilifuata Septemba mwaka huohuo. Lakini watu wengi wa mikoani walizifahamu hisa baadaye, pale NMB ilipouza zake kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 600 kila moja, CRDB ikafuata mwaka 2009 kwa shilingi 150, na Vodacom Tanzania mwaka 2017 kwa shilingi 850.

Siku hizi mtu hahitaji kusafiri hadi Dar es Salaam. Anaweza kununua na kuuza kwa simu, au kupitia dalali aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Soko limesogea karibu. Kusoma namba zake bado kuko mbali.

Kila siku ya biashara, taarifa ya soko hutoa mambo makubwa matatu kwa kila kampuni: bei ya kufungia, mabadiliko ya bei kulinganisha na siku iliyotangulia, na idadi ya hisa zilizouzwa. Wasomaji wengi husoma la kwanza na la pili, kisha hufunga ukurasa. Hilo la tatu, idadi ya hisa zilizouzwa, ndilo tunalotaka kulisisitiza leo. Lakini kabla ya kulifikia, tuanze na jambo ambalo kila mtu anadhani analijua, yaani wastani.

Wastani na dagaa wa Mwigobero

Mchuuzi wa dagaa wa Mwigobero anajua kwamba dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa usiku kwa taa. Usiku wa giza taa huwavuta na mitumbwi hurudi imejaa. Mbalamwezi ikiwaka, nguvu ya taa hupungua, dagaa huadimika na bei hupanda. Tuchukue bei za ndoo moja kwa siku saba. Namba hizi ni za mfano tu, si bei za soko: shilingi 12,000, 12,000, 13,000, 12,000, 14,000, 25,000 na 24,000.

Ukizijumlisha unapata 112,000. Ukigawanya kwa saba, wastani ni shilingi 16,000. Sasa tazama tena orodha hiyo. Hakuna hata siku moja ambayo ndoo iliuzwa kwa 16,000, wala kwa bei iliyo karibu na hapo. Siku tano za giza bei ilikuwa chini ya wastani, na siku mbili za mbalamwezi ilikuwa juu sana. Mtu wa Arusha akiambiwa kwa simu kwamba "wastani wa bei Musoma ni elfu kumi na sita" atapanga safari kwa bei ambayo haikuwapo.

Dawa yake ni kuzipanga bei kuanzia ndogo hadi kubwa: 12, 12, 12, 13, 14, 24, 25, kwa maelfu. Iliyoko katikati, yaani ya nne, ni 13,000. Hiyo ndiyo bei ya katikati. Nusu ya siku bei ilikuwa hapo au chini yake, na nusu hapo au juu yake. Bei iliyojirudia mara nyingi zaidi ni 12,000. Na tofauti kati ya bei ya juu kabisa na ya chini kabisa ni 13,000, ambayo ni kubwa kuliko bei ya ndoo yenyewe katika siku nyingi za giza.

Tumepata namba nne, na kila moja inasema jambo lake. Wastani huvutwa na bei chache zilizo kubwa au ndogo kupita kiasi. Bei ya katikati haivutwi kwa urahisi. Kanuni ya kukumbuka ni hii: wastani na bei ya katikati zikikaribiana, wastani unaweza kuaminiwa. Zikiachana sana, kuna siku fulani zisizo za kawaida, na kazi yako ni kuzitafuta na kuuliza kulikuwa na nini.

Liko jambo jingine ambalo mchuuzi analijua bila kufundishwa. Akinunua ndoo 10 kwa 12,000 na ndoo 2 kwa 25,000, hasemi kwamba amenunua kwa wastani wa 18,500. Anajumlisha fedha zote alizotoa, shilingi 170,000, anagawanya kwa ndoo 12, anapata takriban 14,170. Bei yenye ndoo nyingi ina uzito zaidi. Mwekezaji anayenunua hisa kidogo kidogo afanye vivyo hivyo. Ukinunua hisa 1,000 kwa shilingi 500 na hisa 3,000 kwa shilingi 480, gharama yako ni shilingi 1,940,000 kwa hisa 4,000, yaani 485 kwa hisa. Usiandike 490 daftarini, maana siku ya kuuza hutajua kama umepata faida au umekula mtaji.

Hisa mbili kwa siku kumi

Sasa tuingie sokoni. Tuchukue hisa mbili za mfano, tuziite A na B, kwa siku kumi za biashara. Si za kampuni yoyote iliyopo.

Bei za kufungia za A, kwa shilingi: 490, 500, 510, 495, 505, 515, 500, 480, 495, 510.

Bei za kufungia za B, kwa shilingi: 600, 600, 600, 600, 600, 600, 600, 600, 600, 600.

Wastani wa A ni 500, na bei ya katikati pia ni 500. Kwa hiyo hakuna siku ya ajabu iliyouvuta wastani. Tofauti ya bei ya juu na ya chini ni shilingi 35. Kwa B wastani ni 600, bei ya katikati ni 600, bei inayojirudia ni 600, na tofauti ya juu na chini ni sifuri.

Kipimo kinachotumiwa zaidi na wataalamu kueleza jinsi bei inavyoyumba huitwa mkengeuko sanifu. Jina ni zito, lakini hesabu si ngumu. Chukua bei ya kila siku, toa wastani, upate umbali wake kutoka wastani. Kwa A umbali huo ni -10, 0, 10, -5, 5, 15, 0, -20, -5 na 10. Zidisha kila namba kwa yenyewe ili alama za kutoa ziondoke: 100, 0, 100, 25, 25, 225, 0, 400, 25 na 100. Jumla yake ni 1,000. Gawanya kwa siku 10 unapata 100. Kipeuo cha pili cha 100 ni 10. Basi mkengeuko sanifu wa A ni shilingi 10. (Wapo wanaogawanya kwa 9 badala ya 10, wakapata kama 10.5. Kwa mwekezaji mdogo tofauti hiyo haibadilishi uamuzi, muhimu ni kutumia njia moja kwa hisa zote unazozilinganisha.)

Maana yake kwa lugha ya sokoni ni kwamba kwa siku ya kawaida bei ya A hukaa umbali wa kama shilingi 10 kutoka wastani wake, juu au chini. Kumi katika mia tano ni asilimia 2. Inafaa kuitazama asilimia hiyo kuliko shilingi zenyewe, kwa sababu kuyumba kwa shilingi 100 kwenye hisa ya shilingi 10,000 ni asilimia 1 tu, ingawa shilingi 100 inaonekana kubwa kuliko 10.

Na mkengeuko wa B? Ni sifuri. Kwa kipimo hiki B haina hatari yoyote. Hapa ndipo mwekezaji anapojikwaa.

Safu ya tatu ya jedwali

Turudi kwenye taarifa ileile tusome idadi ya hisa zilizouzwa kila siku.

Zilizouzwa za A: 4,000, 2,500, 6,000, 3,000, 1,500, 5,000, 2,000, 7,000, 3,500, 5,500.

Zilizouzwa za B: 0, 0, 0, 200, 0, 0, 11,800, 0, 0, 0.

Kwa A jumla ni 40,000, hivyo wastani ni hisa 4,000 kwa siku. Idadi ya katikati ni 3,750. Namba hizo mbili zimekaribiana. Kwa B jumla ni 12,000, hivyo wastani ni 1,200 kwa siku. Msomaji wa haraka angesema kwamba si mbaya, B nayo inauzika. Lakini panga idadi hizo kuanzia ndogo hadi kubwa, utazame katikati. Ni sifuri. Siku nane kati ya kumi hakuna aliyeuza wala kununua hata hisa moja.

Sasa tunaelewa kwa nini bei ya B haikutikisika. Bei ya 600 iliyoonekana kila siku ilikuwa ni bei ya biashara ya zamani iliyoachwa ubaoni kwa kuwa hakuna biashara mpya ya kuibadilisha. Mkengeuko wa sifuri haukupima utulivu wa hisa, ulipima ukimya wa soko.

Mkulima wa pamba wa Bunda hahitaji maelezo marefu hapa. Msimu unapofunguliwa hutangazwa bei dira ya kilo moja. Bei hiyo inaweza kuwa nzuri na kila mtu akaifahamu. Lakini mkulima halipwi kwa tangazo. Analipwa siku mnunuzi anapofika kituoni na fedha, pamba ikapanda kwenye mizani. Kama mnunuzi hajaja, bei iliyotangazwa haijawa fedha bado. Bei ya hisa isiyouzwa ni hivyohivyo.

Kikundi kilichotaka fedha Januari

Tuone hasara inavyotokea. Tuseme kikundi cha kuweka na kukopa cha wanawake wa Butiama kimekusanya shilingi 1,800,000 mwezi Julai. Wanakubaliana fedha zikae mahali salama hadi Januari, watoto watakapohitaji ada, sare na vitabu. Wanatazama jedwali, wanaiona A inapanda na kushuka, wanaiona B imetulia. Wananunua hisa 3,000 za B kwa 600. Kununua kunakuwa rahisi, kwa kuwa ni siku ile ya saba ambayo mtu mmoja mwenye hisa nyingi alikuwa anauza. Urahisi huo unawapa moyo.

Desemba wanaweka oda ya kuuza. Wamepiga hesabu kwa wastani: kama zinauzwa 1,200 kwa siku, hisa 3,000 zitatoka ndani ya siku tatu. Siku tatu zinapita, wiki inapita. Mbele yao wako wauzaji wengine waliotangulia kuweka oda kwa bei hiyohiyo ya 600, na hakuna mnunuzi. Shule zinakaribia kufunguliwa. Wanashusha bei kidogo, wengine nao wanashusha, siku hadi siku, hadi inapofika 480 ndipo mnunuzi anapojitokeza. Wanapata shilingi 1,440,000 kabla ya ada ya dalali na tozo nyingine. Wamepoteza shilingi 360,000, sawa na asilimia 20, katika hisa ambayo kwa hesabu ya mkengeuko haikuwa na hatari yoyote.

Lau wangenunua A, wangevumilia kuyumba kwa asilimia mbili tatu kila wiki. Ingeweza kuwapa faida au hasara, hilo hakuna awezaye kulisema kabla. Lakini wangeuza hisa zao ndani ya siku moja au mbili kwa bei wanayoiona ubaoni. Kwa mtu ambaye fedha yake ina tarehe, hilo nalo ni sehemu ya usalama.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei inayumba kiasi gani, hesabu kwanza katika siku thelathini zilizopita ni siku ngapi hisa hiyo iliuzwa kweli. Kama ni siku chache, vipimo vingine vyote vya bei yake havina uzito. Kisha chukua idadi ya katikati ya hisa zinazouzwa kwa siku, siyo wastani, uilinganishe na idadi unayotaka kununua. Ukiona hisa zako zitahitaji siku nyingi kuuzika, punguza kiasi au nunua kwa fedha ambayo huihitaji karibuni.

Soko letu lilivyoonyesha

Mambo haya hayako kwenye mifano tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2020, aliyekuwa akifuatilia taarifa za soko la Dar es Salaam alizoea kuiona TBL kwenye shilingi 10,900 na Kampuni ya Sigara, TCC, kwenye 17,000, kwa muda mrefu mno. Vodacom, iliyouzwa kwa umma kwa 850, ilikuja kukaa kwenye 770 vivyo hivyo. Hizo ni kampuni kubwa zenye biashara ya kweli mitaani. Kusimama kwa bei hakukuwa na maana kwamba kampuni ni mbovu, wala hakukuwa na maana kwamba thamani yake haibadiliki. Bia ziliuzwa nyingi au chache, faida ilipanda au kushuka, gawio lilibadilika, lakini bei ubaoni haikuonyesha hayo yote kwa sababu waliokutana kununua na kuuza walikuwa wachache.

NMB nayo ni fundisho. Bei yake ilikaa kwenye 2,340 kwa kipindi kirefu kabla ya 2021. Aliyepiga mkengeuko wa kipindi hicho angepata karibu na sifuri na kudhani kwamba hisa hiyo haiendi popote. Baadaye biashara ilichangamka, na kufikia mwaka 2023 bei ilikuwa imepita 4,000. Safari hii ukimya ulivunjika kwa kwenda juu. Katika hisa nyingine huvunjika kwa kwenda chini. Takwimu za wakati wa ukimya hazikuweza kusema ni upande upi.

Mitego mingine minne

Mtego wa kwanza ni kuchanganya kupanda na kuyumba. Hisa iliyokwenda 400, 420, 440, 460, 480 ina wastani wa 440 na mkengeuko wa kama 28, ambao ni zaidi ya asilimia 6. Inaonekana inayumba kuliko A, wakati haikushuka hata siku moja. Ndiyo maana ni bora kupima mabadiliko ya kila siku kwa asilimia kuliko kupima bei zenyewe. Andika leo imepanda au kushuka asilimia ngapi kulinganisha na jana, kisha ndipo utafute wastani na mkengeuko wa hizo asilimia.

Mtego wa pili ni kudhani kwamba asilimia za kushuka na za kupanda hufutana. Hisa ya 500 ikishuka asilimia 20 inafika 400. Ikipanda asilimia 20 inafika 480, siyo 500. Wastani wa mabadiliko hayo mawili ni sifuri, lakini mfukoni umepungukiwa shilingi 20. Kadiri bei inavyoyumba kwa nguvu ndivyo pengo hilo linavyokuwa kubwa.

Mtego wa tatu ni siku ya gawio na siku ya kugawanya hisa. Tarehe ya mwisho ya kustahili gawio ikipita, bei inaweza kushuka kwa kuwa anayenunua sasa hatalipata gawio hilo. Na kampuni ikiigawanya kila hisa moja kuwa tano, bei ya 1,000 itakuwa kama 200, wakati thamani ya ulicho nacho haijaguswa. Ukiona namba moja imeruka mbali na wenzake, uliza kabla ya kuiita hasara. Na ukihesabu faida yako, jumlisha gawio ulilopokea.

Mtego wa nne, na ndio unaoumiza zaidi, ni kuchagua kipindi kinachokupendeza. Chukua CRDB. Aliyenunua kwa 150 mwaka 2009, na aliyenunua kwa 350 pale benki hiyo ilipowauzia wanahisa wake hisa za nyongeza mwaka 2015, wana hisa ileile lakini hadithi mbili. Kabla ya 2021 bei ilifika hata chini ya 100. Mwaka 2023 ilikuwa imepita 400. Anayetaka kukuuzia atakupa takwimu za kuanzia pale bei ilipokuwa chini, na kila hesabu yake itakuwa sahihi. Anayetaka kukutisha ataanza mwaka 2015 na kuishia 2020, naye hatakuwa amedanganya. Wewe uliza kipindi ambacho fedha yako ingekaa. Kama unaweza kusubiri miaka kumi, tazama miaka kumi. Kama unahitaji fedha Januari, jiulize ni mara ngapi katika miezi sita sita iliyopita mtu aliyenunua angeuza kwa hasara.

Takwimu hazijui habari ya kesho

Watu wa Mara wana mfano wa karibu wa jambo la mwisho. Mgodi wa dhahabu wa North Mara, wilayani Tarime, ulikuwa wa kampuni ya Acacia, ambayo hisa zake ziliuzwa London na kuorodheshwa pia Dar es Salaam tangu 2011, wakati ikiitwa African Barrick Gold. Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha makinikia nje ya nchi, na Mei ikatolewa ripoti ya kamati ya kwanza ya uchunguzi. Hisa za Acacia ziliporomoka London. Mwaka 2019 Barrick ilinunua hisa za kampuni hiyo ambazo haikuwa nazo na hisa hizo zikaondolewa sokoni.

Mtu aliyekuwa na daftari safi la bei za mwaka 2016, lenye wastani na mkengeuko uliopigwa vizuri, hakuwa na mstari hata mmoja uliomwambia kuhusu makinikia. Takwimu za maelezo hueleza njia iliyokwisha pitwa. Kona iliyo mbele huonekana kwa kusoma taarifa za kampuni, kufuatilia sheria na kodi, na kuwa na masikio. Ndiyo sababu mwenye fedha kidogo hashauriwi kuiweka yote katika hisa moja, hata namba zake ziwe nzuri namna gani.

Kazi ya wiki hii

Anayetaka kuanza, achukue daftari na achague hisa mbili tu. Kwa siku ishirini za biashara aandike bei ya kufungia na idadi ya hisa zilizouzwa, hata kama idadi hiyo ni sifuri. Hasa kama ni sifuri. Mwisho wa siku hizo ajibu maswali matano.

Je, ni siku ngapi hisa iliuzwa kweli? Idadi ya katikati ya hisa zilizouzwa kwa siku ni ngapi, na mimi nataka ngapi? Wastani wa bei na bei ya katikati zimekaribiana au zimeachana? Mabadiliko ya siku kwa asilimia yanayumba kiasi gani? Na fedha hii ninaihitaji lini?

Swali la tano halimo kwenye taarifa ya soko, na dalali hawezi kukujibia. Lakini ndilo linaloamua majibu ya mengine manne yana maana gani kwako. Mchuuzi wa Mwigobero hanunui dagaa wa siku kumi wakati ana wateja wa siku mbili. Bei ikionekana imetulia, mwenye hisa aulize kwanza kama kuna mtu sokoni.